Ploti ya Kupangisha: Hati Iandikwe Jina la Nani?

Mazungumzo na wakazi wa Kalamba, Kaunti ya Makueni



Maembe yakiuzika vizuri, wengi huwaza kujenga vyumba vya kupangisha karibu na soko. Fundi hutafutwa mapema, lakini suala la hati huachwa mpaka ugomvi uzuke. Amueni mwenye nyumba ni nani kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa simiti.

Njia ya kwanza ni kumiliki kwa jina lako. Ni rahisi na gharama ni ndogo. Lakini hata ukisajili jina la biashara, deni la ploti linabaki deni lako, na linaweza kufuata mali yako nyingine.

Ya pili ni umiliki wa pamoja. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, mume na mke wanaweza kumiliki kwa namna ambayo mmoja akifariki, mwenzake anabaki na nyumba yote. Ndugu wawili hawawezi hivyo bila idhini ya mahakama: kila mmoja ana fungu lake, na akifariki linaenda kwa warithi wake. Hatari ni pale ndugu wanapochanga pamoja, kisha hati ikabeba jina moja. Mjane wa yule mwingine atabaki akitafuta mashahidi.

Ya tatu ni kampuni, na inawafaa wachangaji wengi. Sheria ya Kampuni ya 2015 inaruhusu hata mtu mmoja kuisajili. Nyumba huwa ya kampuni. Mwenye hisa akifariki, zinazorithiwa ni hisa. Ila kuna ripoti za kila mwaka na hesabu, na kodi ya wapangaji si pesa ya mfukoni mwa mkurugenzi.

Msifungue kampuni kukwepa ushuru. Tangu Januari 2024, mtu au kampuni inayopata kodi ya makazi zaidi ya shilingi 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5, bila kutoa gharama za ukarabati. Vyumba 10 vya shilingi 3,000 huleta 30,000 kwa mwezi. KRA hudai 2,250 kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kodi ya maduka haimo katika mpango huu.

Kaeni kama familia, andikeni nani ametoa nini, kisha mwoneni wakili.