Mshono Uliowahi Kufunga

Fuvu la mtoto mchanga si mfupa mmoja. Ni vipande kadhaa vilivyopakana, na kati yake pana mishono laini inayonyumbuka. Mishono hiyo hukiwezesha kichwa kujibana wakati wa kuzaliwa, kisha kutanuka kadiri ubongo unavyokua, na katika mwaka wa kwanza ubongo hukua karibu maradufu. Utosi, ambao kila bibi anajua kuulinda, ni mahali mishono inapokutana.

Kwa takriban mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 2,500, mshono mmoja au zaidi huwahi kufunga, mara nyingi mtoto angali tumboni. Ubongo hauachi kukua. Husukuma pale panapokubali. Mwaka 1851 Mjerumani Rudolf Virchow alieleza kinachotokea: fuvu hushindwa kutanuka kwa upande unaoukingama mshono uliofunga, likarefuka kuufuata. Ukifunga ule wa katikati, utokao utosini hadi kisogoni, kichwa huwa chembamba na kirefu kama mtumbwi uliopinduliwa. Huu ndio unaofunga mara nyingi zaidi, hasa kwa wavulana. Ukifunga wa paji la uso, paji huchongoka.

Walioanza kupasua hawakuuliza kwanza ni nini kilichokifanya kichwa kiwe vile. Mwaka 1888, huko San Francisco, daktari Lane alikata fuvu la mtoto mwenye kichwa kidogo ili kuupa ubongo nafasi. Mtoto hakuishi hata siku moja. Daktari Lannelongue alifanya upasuaji wa aina hiyo Paris mwaka 1890, na wengine wakafuata. Ndipo mwaka 1894, katika mkutano wa madaktari uliofanyika Roma, Abraham Jacobi, bingwa wa watoto kutoka New York, akaukemea vikali upasuaji huo na kuweka hesabu mezani: watoto 33 walipasuliwa, 15 wakafa. Ukali wake ulikuwa wa haki kabisa. Wengi wa watoto wale mishono yao haikuwa na kasoro. Vichwa vilikuwa vidogo kwa kuwa ubongo wenyewe haukukua, na hakuna msumeno unaotibu hilo. Upasuaji huo ukakaribia kutoweka, hadi madaktari Faber na Towne walipourejesha mwaka 1927, safari hii kwa watoto ambao kweli mshono ulikuwa umefunga.

Roma hiyohiyo, mwaka 1967, Mfaransa Paul Tessier alionyesha kwamba mifupa ya fuvu na ya uso inaweza kupangwa upya kwa pamoja, daktari wa ubongo na wa kurekebisha maumbile wakisimama meza moja. Leo, katika upasuaji wa wazi, ngozi hukatwa kwa mstari wa kupindapinda kutoka sikio hadi sikio, ili baadaye nywele zifiche kovu. Mfupa hutolewa, hukatwa, hukunjwa, kisha hurudishwa kwa vibati na skrubu zinazoyeyuka zenyewe mwilini. Hofu kubwa ni damu. Mtoto wa kilo 6 ana takriban nusu lita tu mwili mzima, kwa hiyo kinachoonekana kidogo sakafuni kwake ni kingi mno. Daktari wa usingizi hana kazi ndogo kuliko mwenye kisu.

Mwaka 1998 madaktari Jimenez na Barone, nchini Marekani, walieleza njia nyepesi zaidi: matundu madogo, kamera nyembamba, mshono uliofunga ukaondolewa, kisha mtoto akavaa kofia maalumu kwa miezi kadhaa. Lakini njia hiyo hutaka mtoto afike mapema, akiwa na miezi mitatu hivi, mfupa ukiwa bado laini. Anayefika akikaribia mwaka hubaki na upasuaji mkubwa.

Wapo pia wasiohitaji kisu hata kidogo. Tangu mwaka 1992, madaktari wa watoto wa Marekani waliposhauri watoto walazwe chali ili kuepusha vifo vya usingizini, visogo bapa vimeongezeka. Mishono ya watoto hao iko wazi. Kubadilishiwa upande na kulazwa kifudifudi wakiwa macho, mtu akiwaangalia, huwatosha wengi wao.

Kutofautisha mshono uliofunga na kisogo bapa cha kulala chali huanzia kliniki, na utepe wa kupimia hautoshi. Kichwa kirefu chembamba kinaweza kutoa mzunguko wa kawaida kabisa, kadi ikajazwa, mama akarudi nyumbani. Muuguzi anapaswa kukitazama kichwa kutoka juu, masikio yote mawili yakionekana, kisha apapase kwa kidole kutoka utosini hadi kisogoni. Akikuta tuta gumu pale panapopaswa kuwa na mshono, mtoto apelekwe kwa daktari bingwa wiki hiyohiyo.