Amana ya Mwenye Kuhariri Kitabu cha Shule



Leo twapenda kuzungumza juu ya kazi ambayo wengi huidhania kuwa mchezo wa watoto. Katika shule za sekondari za Marekani ni desturi ya wanafunzi kutoa kitabu cha mwaka, chenye picha na majina ya wenzao, na habari za masomo na michezo yao. Mhariri, aliye mwanafunzi vilevile, hupanga kurasa na kusahihisha majina kabla kitabu hakijapigwa chapa. Kosa likishachapwa halifutiki.

Uzito wa kazi hiyo ulidhihirika huko Manzanar, California. Tarehe 19 Februari 1942 Rais Roosevelt alitia saini amri ambayo kwayo watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani waliondolewa majumbani mwao na kuwekwa kambini bila ya kushitakiwa. Wengi wao walikuwa raia wa Marekani. Manzanar ilikuwa mojawapo ya kambi hizo, na ndani ya seng'enge yake palikuwa na shule ya sekondari.

Mwaka 1944 wanafunzi wa shule hiyo walitoa kitabu chao, wakakiita Our World, yaani Dunia Yetu. Mpiga picha alikuwa Toyo Miyatake, mfungwa mwenzao, aliyeingiza lenzi kambini kwa siri na kujiundia kamera ya mbao.

Pengine mtu atasema: je, nyuso zenye tabasamu hazikuificha dhuluma? Ndugu zangu, tukumbuke kwamba serikali ilizipa familia hizo namba. Wahariri wale vijana wakawaandika wenzao kwa majina na sura zao. Na katika kitabu cha mwaka 1945 mlikuwamo picha ya mkono ulioshika koleo la kukatia seng'enge. Mwaka 1988 ndipo serikali ilipoomba radhi, ikatoa dola 20,000 kwa kila aliyekuwa hai. Vitabu vile vilikwisha kutoa ushahidi zamani.

Basi enyi vijana, mkipewa kazi kama hiyo msijaze kurasa kwa marafiki zenu tu. Mtafuteni asiyepigwa picha na mtu, mtoto wa maskini na wa mgeni, mkamwulize mwenyewe jina lake huandikwaje. Kumwacha mwenzenu ni kumdhulumu.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe sote kuzitimiza amana zetu. Amin.