Barua katika Merikebu za Matanga

*Maneno yaliyosemwa siku ya Yubile ya parokia, kisha Misa Takatifu, mbele ya Wakristu na wageni*



Asubuhi ya leo tumemshukuru Mungu kwa ajili ya wale waliochoma matofali ya kanisa hili, waliobeba mbao begani, na waliofundisha katekisimu chini ya mwembe. Ni haki kufanya hivyo. Lakini halmashauri ya Yubile imetuomba tuseme pia maneno machache juu ya kazi moja isiyoacha ukuta wala mnara, nayo ni kazi ya barua. Kwani hakuna misioni iliyosimama pasipo barua, na kwa miaka mingi sana barua hizo zilisafiri kwa nguvu ya upepo, ndani ya merikebu za matanga. Tena sisi wenyewe tuna deni katika jambo hili. Tutaliungama kabla ya kumaliza.

Tuanze na Mtume Paulo. Kitabu cha Matendo ya Mitume chatuambia kwamba, alipofika Roma kisha kuvunjikiwa merikebu kwenye kisiwa cha Malta, wakubwa wa Wayahudi walimjulisha kuwa hawakupata barua yo yote juu yake toka Yudea. Wengi wetu tukisoma maneno hayo twapita haraka. Lakini aliyewahi kungoja barua ayatazame vizuri. Zamani zile, wakati wa baridi, bahari ilihesabiwa kuwa imefungwa, na merikebu zilijificha bandarini mpaka hali ya hewa itulie. Mtume alikuwa amefika, habari zake hazijafika. Tena katika barua ya pili kwa Timoteo, Paulo akiwa kifungoni amwomba mwanafunzi wake amletee joho lake na vitabu vyake, na afanye bidii kufika kabla ya majira ya baridi. Kwa nini kabla ya baridi? Kwani kisha hapo njia ya bahari ingefungwa, na mzee angebaki pekee. Mtume aliyeandikia makanisa mengi naye alihitaji kutembelewa na kukumbukwa.

Miaka elfu moja na mia tano ilipita, na upepo ulikuwa ungali bwana wa posta. Wareno walipofungua njia ya kwenda Uhindi kwa kuzunguka Afrika, merikebu ziliondoka Lisboa mwezi wa Machi au Aprili, ili zipate upepo wa kusi upande wa Msumbiji na kufika Goa karibu na mwezi wa Septemba. Kurudi, zilingoja kaskazi, zikatweka matanga mwezi wa Desemba au Januari. Wavuvi wetu wanaotazama ziwa kabla ya kusukuma mtumbwi wanafahamu vema jambo hili: upepo hauamriwi. Merikebu iliyochelewa majuma machache ilipashwa kungoja miezi mingi. Kwa hivi, aliyeandika barua ya maana aliiandika mara mbili au mara tatu, akaweka kila nakala katika merikebu yake, akijua kwamba mojawapo yaweza kuzama.

Na wasafiri wenyewe, wakiwa katikati ya bahari, walipata habari kwa njia gani? Husimuliwa kwamba mwaka 1501 nahodha Mreno João da Nova, alipotua kuteka maji mahali paitwapo leo Mossel Bay, Afrika ya Kusini, alikuta barua ndani ya kiatu kilichotundikwa mtini. Nahodha mwenzake, Pedro de Ataíde, ndiye aliyeiacha, na ndani yake alionya juu ya hatari zilizokuwa Uhindi. Baadaye, katika karne ya kumi na saba, mabaharia wa Uholanzi na wa Uingereza waliopita penye rasi ya kusini ya Afrika walikuwa na desturi ya kufunga barua katika kitambaa chenye lami na kuziweka chini ya jiwe lililochongwa jina la merikebu na tarehe. Merikebu yenye kwenda Ulaya ilichukua za Ulaya, yenye kwenda mashariki ilichukua za mashariki. Mawe kadhaa ya namna hiyo yangali yanatunzwa Cape Town. Wandugu wapenzi, tufikiri kidogo: watu wa mataifa yaliyoshindana, na mara nyingine kupigana, walibebeana barua. Walijua kwamba mtu aliye safarini ni mtu aliye safarini.

Lakini mfano ulio mkubwa kwetu ni wa Mtakatifu Fransisko Ksaveri, msimamizi wa misioni. Aliagana na Mtakatifu Inyasi wa Loyola mjini Roma mwezi wa Machi 1540. Hawakuonana tena hapa duniani. Tarehe 7 Aprili 1541 alipanda merikebu Lisboa. Safari ilichelewa, ikabidi kukaa Msumbiji mpaka mwaka mwingine, wakingoja upepo. Hapo Fransisko aliwahudumia wagonjwa wa merikebu, na siku ya kwanza ya Januari 1542 akawaandikia wenzake wa Roma. Kisha alipita Malindi, mji wa Waswahili, na kisiwa cha Sokotra, akafika Goa tarehe 6 Mei 1542. Mwaka mzima na mwezi mmoja njiani.

Toka siku hiyo aliishi kwa kupanda na kushuka merikebu: pwani za Uhindi, Malaka, visiwa vya Maluku, hata Yapani. Yeye mwenyewe alifanya hesabu ya barua, akaona kwamba swali na jibu, kati ya Maluku na Roma, huhitaji karibu miaka minne. Tuwaze maana yake. Mtu auliza shauri leo. Jibu lamfikia wakati mtoto aliyebatizwa siku ile amekwisha kutembea, kusema na kuchunga mbuzi. Basi Fransisko alipashwa kukata mashauri peke yake mbele ya Mungu, akiwa na hakika moja tu: kwamba kule mbali wapo wanaomkumbuka.

Naye alifanya nini ili hakika hiyo isipunguke? Mwaka 1546, akiwa kisiwani Amboina, aliwaambia wenzake kwamba amekata toka barua zao majina yao, yaliyoandikwa kwa mikono yao wenyewe, na kwamba anayachukua pamoja naye kila mahali. Barua zenyewe zingemlemea safarini. Majina hayakuwa mzigo. Mtakatifu huyu, aliyebatiza maelfu ya watu, hakuona haya kusema kwamba vipande vidogo vya karatasi vilimfariji.

Huko Yapani alikaa miaka miwili na zaidi, pasipo kupata habari za ndugu zake waliobaki Uhindi, na fazaa hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za kurudi kwake. Mwisho wa mwaka 1551 alifika Malaka, akakuta barua ya Inyasi inamngoja. Mwishoni Inyasi alikuwa amejiita wake kabisa, asiyeweza kumsahau wakati wo wote. Fransisko alijibu mwezi wa Januari 1552 toka Cochin, akikiri kwamba aliyasoma maneno hayo kwa machozi, na kwamba anayaandika tena kwa machozi. Walikuwa wameachana miaka kumi na miwili karibu.

Sasa tusikilize mwisho. Tarehe 3 Desemba 1552 Fransisko alikufa katika kisiwa cha Shangchuan, akitazama pwani ya Uchina, akimngoja mfanyabiashara aliyeahidi kumvusha na asiyefika. Karibu naye alikuwapo kijana Mkristu wa Uchina aitwaye Antonio. Roma hawakujua. Tarehe 28 Juni 1553, karibu miezi saba kisha kifo hicho, Inyasi alikaa mezani, akamwandikia rafiki yake arudi Ulaya. Barua hiyo ilikwenda kumtafuta mtu aliyekwisha kufika kwa Baba yake. Hakuna wa kulaumiwa. Inyasi aliandika upesi alivyoweza; kilichochelewesha ni bahari na upepo.

Tukaribie sasa kwetu. Mwaka 1878, mwezi wa Aprili, msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe uliondoka Marseille, na mwezi wa Januari 1879 ukafika Ujiji, kwenye ziwa Tanganika. Mwaka 1885 walipokea Mpala, upande wetu wa ziwa. Barua ya kwenda kwao ilivuka bahari hadi Zanzibar, ikashuka Bagamoyo, ikabebwa na wapagazi kwa miguu kupita Tabora mpaka ziwani, na hapo ikawekwa ndani ya mashua, ambamo babu zetu walitweka tanga upepo ulipokuwa mwema na kushika makasia ulipolala. Mapadri wageni, tunawaomba mlikumbuke jambo hili mtakaporudi kwenu: majina ya wapagazi wale na wapiga makasia wale hayakuchongwa juu ya jiwe lo lote. Na bila wao, mama mmoja huko Ulaya asingalijua kama mwanawe yu hai.

Tena Eklezya haikumpa Fransisko Ksaveri kazi ya kusimamia misioni peke yake. Mwaka 1927 Papa Pio wa Kumi na Moja alimweka pamoja naye Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yezu, mtawa asiyetoka katika monasteri yake ya Lisieux. Kazi yake ya kimisionari ilikuwa sala, sadaka, na barua. Aliandikiana na kijana mmoja, Maurice Bellière, aliyetaka kuwa Padri Mweupe. Hawakuonana hata siku moja. Tarehe 29 Septemba 1897 Maurice alipanda meli kwenda Algeri. Kesho yake Tereza akafa. Lakini alikuwa amekwisha kumwandikia yote yaliyokuwa moyoni mwake. Hakungoja.

Wandugu, hapa ndipo deni letu linapoingia.

Ninyi wazee mwamkumbuka Padri mmoja aliyekaa nasi miaka mingi, akatubatiza wengi wetu, akazika wazazi wetu, kisha akarudi kwao kwa sababu ya ugonjwa. Toka nyumba ya mapadri wazee alituandikia barua ya kurasa mbili, mkono wake ukitetemeka. Aliuliza kama kengele ingali inalia vizuri, kama mwembe ungali unazaa, kama daraja limetengenezwa, na nani sasa anafundisha katekisimu. Barua ilisomwa mbele ya halmashauri. Wote walifurahi. Tukakata shauri kwamba jibu lazima liwe zuri: liwe na picha, liwe na hesabu za parokia, liwe na sahihi za wakubwa wote. Mmoja akangoja mpiga picha. Mwingine akangoja karani. Mwingine akangoja msafiri wa kwenda mjini. Noeli ikapita, Pasaka ikapita. Mwishowe tulituma bahasha nene na nzuri.

Ilirudi kwetu haijafunguliwa. Padri alikuwa amekwisha kuzikwa.

Sisi hatukuzuiliwa na kusi wala kaskazi. Hatukuvunjikiwa merikebu. Njia ilikuwa wazi, na karatasi ilikuwako. Inyasi alimwandikia marehemu kwa sababu bahari ilikuwa kubwa. Sisi tulimwandikia marehemu kwa sababu tulitaka kuandika vizuri. Mzee hakuomba hesabu wala picha. Aliuliza habari za kengele. Tungalimwandikia mistari mitatu juma lile lile, angalijua kwamba inalia. Bahasha ile ingali katika kabati la parokia. Tumeamua isifunguliwe, ibaki hapo kutuonya.

Wengine watasema: siku hizi kuna simu, barua za nini? Tunajibu: simu ni chombo chema, anayeweza apige leo. Lakini maneno ya simu hayabaki chini ya mto wa mgonjwa, wala hayakatwi jina likachukuliwa kifuani. Na tena kosa letu halikuwa kosa la chombo. Anayechelewa kuandika huchelewa na kupiga simu.

Basi tunawaomba jambo moja tu. Kwenye baraza ya shule, Mama wa kikundi cha Lejio wameweka meza, karatasi na kalamu. Kabla ya kuketi kwa chakula, kila jumuiya ya Kikristu iandike barua moja kwa mtoto mmoja wa parokia hii aliye mbali: kijana afanyaye kazi katika migodi ya Katanga, mseminari, mgonjwa aliyepelekwa hospitali ya mjini, jamaa waliokimbia vita na kukaa kambini ng'ambo ya ziwa. Wasiojua kuandika, vijana watawaandikia. Na kila mmoja atie jina lake kwa mkono wake mwenyewe, hata likiwa alama ya kidole. Wageni wetu wamekubali kuzichukua, kila mmoja zile za njia yake, kama mabaharia wale wa zamani.

Zisiwe ndefu. Semeni kwamba kengele inalia, kwamba mwembe unazaa, kwamba leo tuliwataja mbele ya altare. Ziondoke leo.

Mungu Baba, aliyetutumia Neno lake wala hakukawia wakati ulipotimia, aibariki parokia yetu, na walio hapa, na walio njiani.