Majilio Yasimezwe na Krismasi: Hotuba ya Mgeni Rasmi, Dutumi



Nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kuwa mgeni rasmi Jumapili hii ya kwanza ya Majilio, siku mnayofungua msimu wa sikukuu na kuchangia upauaji wa kanisa. Nimeisikiliza risala yenu yote. Mabati nitayafikia, msiwe na wasiwasi. Lakini kuna jambo mmelitaja kwa mstari mmoja tu, nalo ndilo lililonigusa kuliko mengine: mmesema mwaka huu hamtaki Majilio yamezwe na Krismasi. Hapo mmenena, na leo nataka niwaunge mkono kwa hilo.

Siku hizi Krismasi inaanza Novemba. Sare zimeshashonwa, michango ya ng'ombe imeshapitishwa, nyimbo za sikukuu zinapigwa madukani kuanzia Mlandizi hadi Kibaha. Ikifika tarehe 25 Desemba yenyewe, watu wamechoka na mifuko imekauka. Kanisa lilitutengea kipindi kamili kabla ya siku ile. Majilio huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, ndiyo maana hayaanzi kabla ya tarehe 27 Novemba wala baada ya tarehe 3 Desemba. Kitambaa cha zambarau mnachokiona leo madhabahuni ni kile kile tunachokitandika wakati wa Kwaresima, kwa sababu ni rangi ya toba na maandalizi. Nyeupe ya furaha inangoja zamu yake.

Nimefurahi kuona shada la Majilio lililosukwa na akina mama wa hapa kwa ukindu na kuvikwa majani ya mvinje. Watoto mliokaa mbele, sikilizeni lilikotoka. Mwaka 1839, mjini Hamburg, Ujerumani, mwanateolojia wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern alikuwa akilea watoto maskini katika makao yaliyoitwa Rauhes Haus. Alichukua gurudumu la mbao akalipanga mishumaa, midogo kwa siku za kawaida na minne mikubwa kwa Jumapili. Kila siku ukawashwa mmoja, watoto wakaona kwa macho yao siku zilizobaki kufika Krismasi. Desturi ambayo leo imefika hata kwenye makanisa makubwa ilianzia kwa watoto wasio na mtu. Nawaomba mlikumbuke hilo kila mnapowasha mshumaa, na mtazame nani hapa kijijini hana wa kumshonea sare.

Imani hii haikufika jana katika ukanda wetu. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin waliingia Dar es Salaam mwaka 1887, wakafungua kituo Kisarawe mwaka 1892 na Maneromango mwaka 1895. Walikuja na kalenda yao, na kalenda ile ilitungwa na watu wa nchi za baridi. Kwao Desemba jua linazama mapema, shamba limelala, kazi kubwa ni kukaa karibu na moto. Huku kwetu katika bonde la Ruvu, Majilio yanatukuta kwenye vuli. Mwenye mahindi anapalilia, mwenye mikorosho yuko chini ya miti anaokota. Pasaka nayo inatukuta katikati ya masika, barabara zetu zikiwa tope. Sioni hasara yoyote katika tofauti hiyo. Mkulima wa Dutumi anajua kungoja kuliko mtu yeyote, na anajua kwamba anayengoja mavuno hakai kitako.

Injili ya Luka, sura ya tatu, inaeleza Yohana Mbatizaji alipohubiri kando ya Yordani. Makundi ya watu yalimwuliza, tufanye nini? Soma majibu yake mwenyewe utashangaa. Aliyekuwa na nguo mbili aliambiwa ampe asiye nayo. Watoza ushuru waliambiwa wasidai zaidi ya kiwango. Askari waliambiwa wasiwaonee watu, watosheke na mishahara yao. Maandalizi yote ya ujio wa Bwana, kwa kinywa cha Yohana, yanagusa nguo, fedha na madaraka. Viongozi wenzangu wa serikali na wa vyama vya ushirika, maneno haya yanatuhusu. Mkulima anapofikisha gunia lake la korosho ghalani, mizani iwe ya haki, na malipo yake yasizungushwe.

Ndiyo maana siwezi kusimama Dutumi nikazungumzia Majilio bila kutaja ng'ombe na mahindi.

Katika hema hili wamekaa wakulima na wamekaa wafugaji. Wengine wanashika kitabu kimoja cha nyimbo. Ukame ukizidi, mifugo inasogezwa kuelekea mtoni, na njiani kuna mashamba. Usiku mmoja unatosha kumaliza jasho la miezi mitatu ya mama mjane. Asubuhi mwenye shamba anakuta nyayo na mabua, anachukua panga. Mwenye ng'ombe naye anakuja na fimbo na vijana wake. Tunajua yanakoishia. Baada ya hapo watu hawasalimiani, watoto wao wanakatazana kucheza, lakini tarehe 25 Desemba wote watakuja kanisani wakiwa wamevaa vizuri.

Ombi langu kwenu ni hili. Wazee wa kanisa, shirikianeni na masheikh pamoja na wenyeviti wa vijiji, mzitumie wiki hizi kupitia ugomvi wa namna hiyo uliobaki bila kusuluhishwa. Pande zote mbili ziitwe, hasara itathminiwe na wataalamu wa kilimo, fidia itajwe, na tarehe ya kulipa iandikwe na kusainiwa mbele ya mashahidi. Penye damu au jinai, sheria ifuate mkondo wake. Sisemi kesi zifichwe kwa jina la msamaha. Msamaha usio na fidia unamwachia mjane njaa. Mkifanikiwa hata kwa familia mbili tu, mtakuwa mmemwandalia Bwana njia kuliko kwaya yoyote itakayoimba usiku wa mkesha.

Majirani zetu Waislamu mlioitikia mwaliko, sikuwataja masheikh wenu kwa adabu tu. Sikukuu zetu katika Pwani hii zimelelewa na nyinyi. Kila mmoja hapa amewahi kuona nyumba ya Mkristo siku ya Krismasi: kabla ya pilau kuinjikwa, mtoto anatumwa kwa jirani Mwislamu aje achinje mbuzi au kuku, ili sahani ikishapakuliwa pasiwe na mgeni wa kusita. Hakuna mkutano uliopitisha azimio hilo. Ni akina mama na akina baba walioona aibu kula peke yao. Na mwaka 2025, Jumatano ya Majivu ilipoangukia tarehe 5 Machi, Ramadhani ilikuwa imeanza siku chache kabla, na kijiji kizima kikafunga pamoja. Vijana, desturi hizi zishikeni. Akija mtu wa kuwaambia kwamba jirani wa dini nyingine ni adui, mwonyesheni sahani ya pilau.

Neno dogo kuhusu fedha ya korosho. Inaingia miezi hii hii, na Januari shule zinafunguliwa. Ada imefutwa, lakini sare, viatu na madaftari havijafutwa. Wazazi, tengeni vitu vya watoto kabla ya kununua soda na kreti nyingine ambazo leo sitazitaja madhabahuni.

Sasa risala. Mmeomba mabati, mbao za kenchi na kinanda. Kuta mmezipandisha wenyewe, na nimeambiwa mchanga uliletwa na mikokoteni ya wafugaji. Hilo limenipa moyo sana. Mimi na familia yangu tunatoa bando tano za mabati, na yatafika hapa kabla ya Jumapili ya tatu ya Majilio. Kuhusu mbao, nitazungumza na marafiki zangu na kumletea majibu Mchungaji wiki ijayo. Kinanda naomba tukiache kwanza. Kwaya zenu zimeimba leo kwa ngoma na makofi, na hakuna aliyekosa kitu. Paa lianze.

Baada ya kusema hayo, natamka rasmi kwamba msimu wa Majilio na harambee ya upauaji wa kanisa la Dutumi vimefunguliwa. Mchungaji, karibu umwite mtoto aje awashe mshumaa wa kwanza.