MAZUNGUMZO: MAJI YANAYOTUMIWA NA MAZAO



Mwaka 2010 wataalamu Stefan Siebert na Petra Döll wa Ujerumani walichapisha makadirio ya maji yaliyotumiwa na mazao duniani kati ya 1998 na 2002: kilomita za ujazo 6,685 kila mwaka. Kati ya hizo, 5,505 zilikuwa za mvua iliyohifadhiwa udongoni. 1,180 tu zilitokana na umwagiliaji. Hata hivyo, bila ya umwagiliaji huo, mavuno ya nafaka duniani yangepungua kwa asilimia 20.

Hivyo basi, mkulima wa mpunga wa mvua anapoimarisha kingo za majaruba yake, huilinda hazina iliyo kubwa zaidi. Naye mwenye kumwagilia, asipoteze hata tone la maji ya kisima.