Kinanda Kimoja na Nyimbo za Njia ya Msafara

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya Mkutano wa Wanachama, Tabora)



Kamati imetupa heshima ya kusema maneno machache kabla ya wanachama kupiga kura juu ya hoja iliyo mbele yetu. Hoja yenyewe yajulikana na wote: kwamba piano iliyomo katika ukumbi wa chama iuzwe, na fedha zitakazopatikana zitumike kununua vipaza sauti kwa ajili ya karamu na dansi. Wenye hoja wametoa sababu tatu. Ya kwanza, kwamba hakuna aipigaye. Ya pili, kwamba ni chombo cha Wazungu, wala hakihusiani na mambo yetu. Ya tatu, kwamba muziki wa mtu mmoja aliyeketi peke yake hauwafai watu waliozoea kuimba na kucheza wengi pamoja. Sababu hizi si za kudharauliwa, nasi hatukusimama hapa kuwadhihaki waliozitoa. Twaomba tu ruhusa ya kuzipima moja moja, tukianzia ile ya mwisho.

Ni kweli kwamba nyimbo za nchi hii zilikuwa nyimbo za wengi. Kabla reli haijafika, mji huu ulikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo kupita Ugogo mpaka Unyanyembe ilikuwa safari ya miezi mitatu hivi, na kutoka hapa njia iliendelea mpaka Ujiji penye Ziwa Tanganyika. Burton na Speke walipowasili hapa mwezi wa Novemba 1857, waliikuta njia imekwisha kukanyagwa zamani na wapagazi wa Kinyamwezi, maelfu kwa maelfu, kila mtu na mzigo wake wa ratili 60 au 70. Mbele alikwenda kirangozi. Mtu mmoja alianza wimbo, na safu nzima ikamwitikia. Wimbo haukuwa anasa: ulizilinganisha hatua, uliusahaulisha uzito wa mzigo, na uliwaambia wenyeji wa vijiji kwamba msafara unakuja.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Vita ya 1914–1918 iliwarudisha watu wengi katika kubeba mizigo kwa shida kubwa, lakini baada ya vita kazi ya upagazi wa mbali ilikwisha. Sasa na tujiulize: kazi ikiisha, wimbo wa kazi huenda wapi? Wale waliouitikia wametawanyika na kufariki. Wajukuu wao hawatembei tena miezi mitatu kwa safu moja. Wimbo uliohitaji watu mia ili uimbwe hufa mapema kuliko wimbo unaoweza kubebwa na mtu mmoja. Hapa ndipo tunapoanza kuona faida ya mpigaji aketiye peke yake.

Huko Marekani uko wimbo wa zamani uitwao Shenandoah. Ulikuwa wimbo wa watu wa mashua mitoni na wa mabaharia waliovuta minyororo ya nanga; mmoja aliongoza na wengine wakaitika, kama ilivyokuwa kwa wapagazi wetu. Kazi ile nayo imekwisha. Lakini mwaka 1998 mpiga piano mashuhuri, Keith Jarrett, alipokuwa mgonjwa na nguvu zimempungukia, aliketi nyumbani kwake akajirekodi peke yake akipiga nyimbo za kale, na Shenandoah ukiwamo. Sahani ile ilitolewa mwaka 1999. Hakuonyesha wepesi wa vidole. Alipiga taratibu, akiiacha kila sauti imalize pumzi yake kabla ya kuleta nyingine. Basi wimbo wa watu wengi wenye nguvu ulihifadhiwa na mtu mmoja asiye na nguvu. Nasi twauliza: je, wimbo wa kirangozi hauwezi kuhifadhiwa hivyo?

Pengine baadhi ya wanachama watapenda kufahamishwa ni kazi gani hasa aifanyayo mpiga jazi akiwa peke yake. Tueleze kwa kifupi. Wapigaji wa Marekani wana hazina ya nyimbo zijulikanazo na wote, nyingi zilizotungwa kati ya miaka ya 1920 na 1940 kwa ajili ya michezo ya jukwaani na sinema. Umbo la nyingi ni moja: vipimo 32 vilivyogawanywa mafungu manne ya vipimo vinane. Fungu la kwanza hurudiwa, la tatu hugeuka kwenda njia nyingine, la nne hurudi nyumbani. Kwa kuwa msikilizaji anaujua wimbo tangu mwanzo, mpigaji hana haja ya kumfundisha. Kazi yake ni kuusema upya, kama mzee mwenye hekima asemavyo methali ya zamani kwa jambo la leo.

Katika bendi, ngoma hushika mdundo, besi hushika sauti za chini, na tarumbeta au mwimbaji hushika wimbo. Mpiga piano peke yake hana budi kuwa wote hao. Kwa mtindo wa kale, mkono wa kushoto huruka kutoka sauti moja ya chini kabisa mpaka fungu la sauti za kati, huku na huku, bila kukosa wakati. Mkono wa kulia huchukua wimbo na kuupamba. Tukisikiliza vizuri, twaona mkono mmoja unaongoza na mwingine unaitika. Msafara mzima umo katika vidole kumi.

Art Tatum, aliyezaliwa Toledo katika jimbo la Ohio mwaka 1909 na kufariki mwaka 1956, alikuwa karibu haoni kabisa. Hata hivyo, mwaka 1933 alirekodi Tea for Two kwa ustadi uliowashangaza wapigaji wenziwe, na kati ya 1953 na 1955 alirekodi nyimbo zaidi ya 100 akiwa peke yake. Thelonious Monk alikuwa kinyume chake. Yeye aliondoa mapambo, akaacha nafasi za kimya katikati ya sauti, na mwaka 1962 aliurekodi wimbo wa zamani Body and Soul peke yake, kana kwamba anausimamisha kila hatua na kuuhoji. Wimbo wa namna moja, watu wawili, na maneno mawili mbalimbali kabisa. Ndiyo maana twasema kwamba kupiga wimbo wa kale si kurudia tu. Ni kutoa shauri lako juu yake.

Tuje sasa kwenye sababu ya pili, kwamba chombo hiki ni cha Wazungu. Piano ilibuniwa Ulaya, hatubishi. Lakini reli nayo ilibuniwa Ulaya, na taipu, na kalamu ya wino, wala hakuna karani aliyekataa kuvitumia. Neno jazi lenyewe tulilichukua mapema tukalifanya letu. Kabla yake babu zetu walikuwa na beni, ngoma iliyoanza pwani katika miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za askari, ikaenea bara pamoja na vyama vya Marini na Arinoti. Na miongoni mwa wakubwa wa vyama hivyo makarani hawakukosekana. Kisha zikaja bendi za dansi. Dar es Salaam Jazz iliundwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944. Mji wetu ukatoa Kiko Kids ya Salum Zahoro katika miaka ya 1950, na baadaye Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, ambamo Shem Karenga aliimba Dada Asha. Muziki wao haukuwa ule wa Marekani, bali jina lilikuwa lile lile, wala hakuna aliyewaambia kwamba wameazima cha watu.

Bendi hizo zilitumia magitaa, saksafoni na ngoma. Piano haikupata nafasi kubwa, na sababu yake si ngumu kufahamu: gitaa hupakiwa juu ya lori pamoja na mpigaji, lakini piano huhitaji watu sita na jukwaa lililo imara. Iliachwa kwa sababu ya uzito wake. Kuiacha kwa ajili ya uzito si sawa na kuikataa kwa ajili ya asili yake.

Tena wako Waafrika walioikalia wakaisemesha lugha yao. Abdullah Ibrahim, aliyezaliwa Cape Town mwaka 1934, alikulia katika nyumba ambayo bibi yake alikuwa mpiga kinanda wa kanisa. Mwaka 1969, huko Copenhagen, alirekodi peke yake African Piano, na ndani yake mkono wa kushoto warudia mdundo mmoja kwa muda mrefu kama watu waendao kwa miguu. Naye Randy Weston, Mmarekani mweusi, alirekodi Uhuru Afrika katika New York mwezi wa Novemba 1960, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Tanganyika. Maneno yalitungwa na Langston Hughes. Nayo yakasomwa kwa Kiswahili na Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Sehemu ya mwisho ya kazi ile yaitwa Kucheza Blues. Mwaka 1974 Weston alirekodi sahani nyingine, Blues to Africa, akiwa peke yake na piano yake. Watu wa mbali waliitafuta lugha yetu ili waiweke kando ya piano. Sisi tunataka kuiondoa piano kando ya lugha yetu.

Mwanachama mmoja alituuliza swali zuri, nalo latupasa tulijibu bila kukwepa. Alisema: piano imefungwa katika sauti 12, lakini zeze la Mnyamwezi au la Mgogo huteleza katikati ya sauti, je, wimbo wetu hautavunjika? Jibu ni kwamba kitu fulani kitapotea, naam. Piano haiwezi kuteleza. Lakini Monk alipotaka sauti isiyokuwapo, alibonyeza vipande viwili vilivyo jirani kwa pamoja, na sikio likaitafuta ile ya katikati. Aidha, piano haiji kuliua zeze. Hayati Hukwe Zawose wa Ugogo, aliyefariki mwaka 2003, aliyapiga marimba ya mkono na zeze, akayafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, mwisho ule ule wa njia ya wapagazi, na kuyasikizisha mataifa ya mbali. Atakaye kupiga nyimbo za nchi hii juu ya piano hana budi kwanza kuketi mbele ya wapigaji wa namna hiyo na kusikiliza. Asiyeujua wimbo hawezi kuusema upya.

Imesalia sababu ya kwanza, nayo ndiyo yenye nguvu: hakuna aipigaye. Hili ni kweli, na si kosa la piano. Imewekwa karibu na ukuta upigwao na jua la alasiri. Chombo hiki kina nyuzi zipatazo 230 zilizokazwa sana juu ya ubao wa mti. Wakati wa kiangazi ubao hukauka na kusinyaa; mvua zikija huvimba; basi nyuzi zote huhama kutoka mahali pake. Yatupasa kuihamishia ukuta wa ndani, kuweka bakuli la maji chini ndani ya sanduku lake miezi ya ukavu, kuangalia mchwa miguuni kila juma, na kuita fundi wa kuitengeneza sauti mvua zinapokwisha. Mambo haya hayahitaji fedha nyingi kama vipaza sauti, lakini yahitaji mtu wa kuyakumbuka.

Basi tunaleta shauri hili mahali pa hoja iliyopo. Kwanza, kuuza kuahirishwe kwa mwaka mmoja. Pili, vijana wanne, wa kike na wa kiume, wachaguliwe kutoka katika jamaa za wanachama wafundishwe kila Jumamosi. Tatu, wakati huo huo wazee wa Unyanyembe na Ujiji ambao bado wanakumbuka nyimbo za wapagazi waombwe ruhusa, wasikilizwe na kurekodiwa, na jina la kila mzee liandikwe kando ya wimbo wake kwa kibali chake, pamoja na maneno yake na maana yake. Nne, mwisho wa mwaka kijana mmoja asimame mbele ya mkutano huu na kupiga wimbo mmoja wa njia ya msafara, peke yake.

Ikiwa siku hiyo hakuna atakayeweza, basi sisi wenyewe tutaileta hoja ya kuuza, na tutapiga kura ya ndiyo. Hatuombi piano itunzwe kwa huruma. Twaomba ipewe kazi, kisha ihukumiwe kwa kazi yake, kama anavyohukumiwa karani yeyote.

Wazee wetu hawakuchagua mzigo kwa wepesi wake. Walitazama thamani ya kilichomo ndani, wakajitwika, na mtu mmoja akaanza kuimba. Kura ni yenu, mabibi na mabwana.