Taa za Rangi Zipendeze Bila Kuleta Moto



Mazungumzo ya leo yanahusu taa za kurembesha. Anayekwenda Maonyesho ya Kimataifa ya Biashara ya Nairobi pale Jamhuri Park, mwendo mfupi kutoka Kibera, huona bembea za kuzunguka zikiwa zimepambwa kwa taa za rangi. Anayepanda matatu jioni huona taa zikikimbizana ndani ya gari. Siku hizi taa za namna hiyo zimeingia pia katika vinyozi, maduka na kumbi za sherehe.

Zamani taa za bembea zilikuwa balbu za kawaida. Ili zionekane zikikimbizana, ziligawanywa kwa mafungu, na swichi ya kuzunguka iliwasha fungu moja huku ikizima jingine. Balbu 100 za wati 15 hutumia wati 1,500, mzigo kama wa pasi ya umeme.

Taa mpya za LED ni tofauti. Kila moja ina chipu yake ndogo. Kifaa cha kuongozea hutuma maagizo kwa waya mmoja. Taa ya kwanza huchukua agizo lake na kupitisha yaliyobaki kwa ya pili, na hivyo hivyo hadi mwisho, kama watu wanaopitishiana ndoo. Kila taa ina nyekundu, kijani na buluu, na kila rangi ina viwango 256 vya mwangaza. Kijana anayejifunza kompyuta anaweza kuandika programu ya kuziongoza, na hiyo ni kazi ya kumpatia riziki.

Katika aina inayotumika sana, ya volti 5, taa 100 zikiwaka nyeupe kwa nguvu zote hutumia takriban wati 30 tu. Gharama hupungua sana. Lakini hapa ndipo wengi hukosea. Volti 5 haziwezi kumpiga mtu shoti ya kumuua, kwa hivyo hudhaniwa kuwa hazina hatari yoyote. Wati 30 kwa volti 5 ni ampea 6. Ampea 6 zikipita katika waya mwembamba, waya hupata joto na plastiki yake huyeyuka. Katika nyumba ya mabati na mbao, iliyobanana na ya jirani, moto wa chumba kimoja huwa moto wa ploti nzima.

Kwa hivyo mambo haya yazingatiwe:

Kwanza, waya uwe mnene na uwe na fyuzi. Taa za mwisho zikififia au kugeuka nyekundu zinapopaswa kuwa nyeupe, umeme hauzifikii vizuri. Fundi aingize umeme pande zote mbili za mstari.

Pili, adapta iwe na nguvu kuliko mzigo. Taa 100 zipewe adapta ya ampea 8, wala isifunikwe kwa kitambaa au mapambo.

Tatu, mwangaza upunguzwe kwenye programu. Nusu ya mwangaza hupunguza umeme kwa takriban nusu, na haigharimu chochote.

Nne, adapta yenyewe hupokea volti 240, ambazo huua. Kazi ya upande huo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, kwa umeme halali wa Kenya Power. Waya wa sambaza mara nyingi hauna swichi ya kukata umeme hitilafu ikitokea.

Tano, taa zizimwe kabla ya kulala. Moto ukitokea, umeme ukatwe kwanza iwapo inawezekana, maji yasimwagiwe waya zenye umeme, watu watoke, na simu ipigwe 999 au 112.

Taa nzuri ni ile inayopamba sherehe, na asubuhi kila mtu akaamka salama nyumbani kwake.